Mawingu ya Tanga na Safari za Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka mingi kazi yangu, kama mwangalizi wa hali ya hewa, imekuwa kutoka nje kila saa, kuinua uso na kuandika nilichokiona angani. Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa zaidi hapa Tanga: na abiria wanaosubiri ndege ya Pemba au Unguja, na wanafunzi wanaokuja kutembelea kituo cha hali ya hewa, na wavuvi wa Sahare ambao mara nyingi wanajua jibu kabla yangu ila wanataka kusikia sababu.

Wingu ni nini hasa? Ni mvuke?

Hapana, wingu ni maji au barafu. Mvuke wa maji hauonekani kwa macho. Tazama birika linalochemka jikoni: pale mdomoni kabisa, kabla ya weupe kuanza, pana nafasi ndogo ambayo huoni kitu. Huo ndio mvuke. Ule weupe unaofuata ni vitone vya maji, kwa sababu mvuke umeshakutana na hewa ya ubaridi na kugeuka. Wingu ni weupe huo huo wa birika, tofauti ni ukubwa tu. Vitone vyake ni vidogo mno, upana wake ni kama sehemu mbili za mia za milimita, na huhitajika vitone kama milioni moja kutengeneza tone moja la mvua linaloweza kukulowesha.

Mawingu hutokeaje?

Hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na ikipoa inashindwa kuendelea kubeba mvuke wote iliokuwa nao. Inapopanda hukuta mgandamizo mdogo, hivyo hutanuka, na kule kutanuka ndiko kunakoipoza. Hewa ambayo bado haijafanya wingu hupoa kama nyuzi 1 kwa kila mita 100 inazopanda.

Lakini kupoa peke yake hakutoshi. Mvuke unahitaji kitu cha kushikilia ili uwe tone: chembe ya vumbi, ya moshi, au ya chumvi. Sisi watu wa pwani tuna chumvi isiyokwisha. Kila wimbi linapovunjika pale Raskazone hurusha hewani chembe ambazo huzioni, lakini ukiacha baiskeli nje wiki mbili utaona kazi yake kwenye mnyororo. Chembe hizo hizo zikifika juu ndizo mbegu za mawingu.

Kinachoipandisha hewa ni mambo kadhaa. Jua likichoma ardhi, hewa iliyo juu yake hupata joto na kuinuka. Pepo mbili zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Na upepo ukigonga mlima, hupanda upende usipende. Tanga tunayo yote matatu, na wakati mwingine yote kwa siku moja.

Kwa nini mawingu ya mchana yana tumbo bapa kama yamekatwa kwa kisu?

Kwa sababu hewa yote ya eneo moja hufikia kiwango cha kupoa kinachotakiwa kwenye kimo kilekile. Chini ya kimo hicho mvuke bado ni mvuke na huoni kitu. Juu yake ni wingu. Mstari ule bapa ndio mpaka.

Mpaka huo unaweza kukadiriwa ukiwa umesimama chini. Chukua joto la hewa, toa kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa kulifikia huanza kutoa maji, kisha zidisha tofauti kwa mita 125. Ikiwa joto ni nyuzi 31 na kiwango cha umande ni 24, tofauti ni 7, kwa hiyo matumbo ya mavundevunde yako kama mita 875 juu, karibu futi 2,900. Hesabu hii inafaa kwa mawingu yanayoota kutokana na joto la ardhi mchana. Usiitumie alfajiri, wala kwa utando uliokuja na upepo kutoka mbali.

Mbona hayaanguki?

Yanaanguka, ila taratibu sana. Kitone cha wingu hushuka kama sentimita 1 kwa sekunde, na hewa inayopanda chini yake huwa na kasi kubwa kuliko hiyo. Maji yenyewe si kidogo: kwenye wingu la kawaida la mchana kila mita ya ujazo hubeba kama nusu gramu, kwa hiyo wingu lenye ujazo wa kilomita 1 kila upande lina tani zipatazo 500.

Asubuhi mawingu yako baharini, alasiri yamehamia Muheza. Yanasafiri?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayeliuliza ameshaangalia mwenyewe.

Hayasafiri, au tuseme si hayo hayo. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko bahari. Hewa ya bara, ile ambayo wazee wa pwani huiita umande, huteremka kuelekea baharini, hukutana na hewa vuguvugu iliyo juu ya maji na kuinyanyua. Ndiyo maana kabla ya jua kuchomoza ukisimama ufukweni unaona safu ya mawingu imejipanga upande wa Pemba, huku juu ya mji nyota bado zinang'aa. Jua likitoka mambo hugeuka. Ardhi hupata moto, bahari inabaki vilevile, na kuanzia mnamo saa nne asubuhi upepo wa baharini huanza kuingia. Mawingu ya baharini hupungua, mengine huzaliwa bara, mahali ambapo upepo huo unakutana na hewa ya moto iliyokuwa imekaa pale.

Kisha kuna Usambara. Upepo wenye unyevu ukivuka Muheza hukuta milima ya Usambara Mashariki imesimama mbele yake kama ukuta. Hupanda, hupoa na kufanya mawingu, na mvua zake ndizo zinazolisha misitu ya Amani. Ukishavuka milima na kushukia upande wa Mombo, hewa imeshatua mzigo wake na ardhi ni kavu.

Misimu nayo ina yake. Katika kusi upepo unatoka kusini na kusini mashariki, na mara nyingi huleta mawingu ya chini kutoka baharini pamoja na manyunyu ya asubuhi. Katika kaskazi mbingu huwa wazi zaidi, hasa Januari na Februari. Masika na vuli ndiyo miezi yetu ya kutokuweka kalamu chini.

Kuna tofauti gani kati ya wingu na ukungu?

Ukungu ni wingu lililokaa chini. Wingu la mtu wa Muheza ni ukungu wa mtu wa Amani. Kwa kazi yetu tunaandika ukungu pale tu mtu asipoweza kuona hata mita 1,000. Akiona zaidi ya hapo, lakini kwa shida ya unyevu, tunaandika utusitusi.

Majina ya mawingu yalitoka wapi?

Mfamasia mmoja wa London, Luke Howard, mwaka 1802 alipendekeza mawingu yapewe majina ya Kilatini kwa kufuata sura zake: sirasi kwa yale membamba kama nywele, kumulasi kwa yaliyorundikana, stratasi kwa yaliyotandazwa, na nimbasi kwa yenye mvua. Leo dunia nzima hutumia aina 10 zilizojengwa juu ya majina hayo.

Kiswahili nacho hakikuwa maskini. Mavundevunde ni yale mawingu yaliyokatikakatika, ghubari ni wingu la mvua, utando ni lile tabaka lisilo na mwanzo wala mwisho. Kwenye fomu naandika jina la kimataifa, lakini mwanafunzi akiniambia "leo kuna mavundevunde" namwelewa vizuri, na yeye ameshaelewa nusu ya kazi.

Mnapimaje kiasi cha mawingu?

Kwa macho. Unaigawa mbingu yote sehemu 8, halafu unajiuliza: mawingu haya yangesukumwa yote upande mmoja, yangejaza sehemu ngapi? Sehemu 1 au 2 huandikwa FEW. Sehemu 3 au 4, SCT. Kuanzia 5 hadi 7, BKN. Zote 8 zikifunikwa, OVC.

Inaonekana rahisi mpaka uifanye. Nilipokuwa mgeni kazini, alasiri moja niliandika 6. Mzee wa zamu alisoma, akatoka nje na mimi, akaniambia, "Kijana, angalia kwanza juu ya kichwa chako." Juu ya kichwa changu kulikuwa na samawati tele. Mimi nilikuwa nimeangalia upande wa Pongwe, ambako mawingu yalionekana yameshikana kama ukuta. Lakini wingu la mbali unaliona ubavu, si tumbo, na ubavu wa moja unaficha uwazi ulio nyuma yake. Tuligawa mbingu vipande vinne, tukahesabu kila kipande peke yake, tukapata 4.

Tofauti ya 4 na 6 si ndogo. Kwenye lugha ya marubani, tabaka la chini kabisa linalofunika zaidi ya nusu ya anga ndilo dari. Kwa kuandika 6 nilikuwa nimejenga dari mahali pasipo na dari, na rubani aliyekuwa njiani angeweza kugeuza kwa sababu ya kosa langu. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza na upeo wa macho.

Na mnajuaje wingu liko juu kiasi gani?

Ziko njia nyingi, na mwangalizi mzuri hatumii moja.

Penye chombo cha leza, mwali hurushwa moja kwa moja juu, ukigonga tumbo la wingu hurudi, na muda uliotumika unatoa kimo. Njia ya zamani ni kuachia puto dogo linalopanda kwa kasi inayojulikana na kulihesabia muda mpaka lizame winguni. Likipanda mita 150 kwa dakika na kupotea baada ya dakika 4, wingu liko mita 600. Usiku ilitumika taa kali inayomulika juu wima. Unasimama umbali uliopimwa, unapima pembe ya doa la mwanga kwenye wingu. Pembe ikiwa nyuzi 45, kimo cha wingu ni sawa na umbali ulio kati yako na taa.

Halafu kuna mazingira. Siku ya hewa safi, kutoka Tanga tunaona kilele cha Mlinga kimechongoka upande wa magharibi, mita 1,000 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kikiwa kimefunikwa, najua kule mawingu yako chini ya futi 3,500. Hapo inahitajika tahadhari, kwa sababu mlima hujitengenezea wingu lake, na lililokaa juu ya Mlinga si lazima liwe kimo kimoja na lililo juu ya uwanja. Kwangu Mlinga ni wa kunikumbusha nitazame tena. Siandiki namba kwa kumwangalia yeye peke yake.

Usiku usio na mwezi, jambo la kwanza ni kutoka nje na kusimama gizani dakika kadhaa bila kufanya chochote. Macho yaliyotoka kwenye taa ya ofisini hayaoni kitu. Yakizoea, unahesabu nyota: pale zilipokatika ndipo wingu lilipo. Na kama taa za mji zinaakisiwa juu kwa rangi ya kutu, basi wingu liko chini.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni sauti ya rubani aliyetoka kupita humo. Akisema kwenye redio ameingia winguni akiwa futi 1,800, namwandika kama alivyosema.

Siku hizi kuna setilaiti na rada. Bado kuna haja ya mtu kutoka nje?

Setilaiti za Meteosat hutupatia picha ya Afrika yote kila baada ya dakika chache, na bila hizo tusingeziona dhoruba zinazojikusanya mbali baharini. Rada hutuonyesha mvua ilipo na inakoelekea. Navithamini vyote viwili, na sitaki kurudi enzi ya kabla yake.

Lakini setilaiti iko juu. Inaona paa la wingu, na rubani anayekuja kutua anataka kujua dari. Utando mwembamba wa sirasi ulio kilomita 12 juu unaweza kuficha kabisa kinachotendeka chini yake. Chombo cha leza nacho huona kile tu kilicho wima juu yake: wingu la radi likiwa kilomita 5 kando, kwake anga ni safi. Mtu aliyesimama nje huona pande zote kwa pamoja, husikia ngurumo, huhisi upepo ulivyogeuka ghafla ukawa baridi. Yeye ndiye anayeviunganisha.

Nimeona mstari wa herufi na namba unaoitwa METAR. Unasomwaje?

Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, inayotolewa kila saa au kila nusu saa. Huu ni mfano niliotunga kwa ajili ya kufundishia:

HTTG 121200Z 09012KT 9999 FEW022CB SCT024 30/24 Q1011

HTTG ni Tanga. Tarehe 12, saa 1200 Zulu, yaani saa ya kimataifa (UTC). Upepo unatoka nyuzi 90, yaani mashariki, kwa noti 12 (maili za baharini 12 kwa saa). Mtu anaona kilomita 10 au zaidi. Kuna mawingu machache ya radi yenye tumbo futi 2,200 juu ya uwanja, na mengine ya kawaida, sehemu 3 au 4, futi 2,400. Joto nyuzi 30, kiwango cha umande 24, mgandamizo wa hewa hektopaskali 1011.

Saa ya Zulu huwasumbua wengi, na sisi wenye saa ya Kiswahili tuna njia ya mkato: toa 3. Saa 1200 toa 3, ni saa tisa alasiri. Saa 0600 toa 3, ni saa tatu asubuhi. Ni rahisi hivyo kwa mchana wote.

Ukikuta neno CAVOK, furahi: mtu anaona kilomita 10 au zaidi, hakuna wingu la kumsumbua rubani chini ya futi 5,000, na hakuna mvua wala wingu la radi.

Jua linawaka Tanga, mbona ndege yetu imecheleweshwa?

Bibi mmoja wa Chake Chake aliniuliza hivi akiwa ameshika kapu la machungwa ya Muheza. "Mwanangu, jua lote hili, hiyo mvua mnayoingojea iko wapi?"

"Shikamoo bibi. Iko kwako, nyumbani Pemba."

Nilimtoa nje nikamwonyesha. Juu yetu kweupe, lakini mashariki, chini kabisa penye upeo, palikuwa na kiza cha rangi ya risasi, na juu yake kichwa cha wingu kimetandazika kama fuawe la mhunzi. Ndege ndogo zinazovuka kwenda visiwani mara nyingi huruka kwa rubani kutazama nje. Kanuni za kimataifa, katika sehemu kubwa ya anga la chini, zinamtaka awe mita 1,500 mbali na wingu kwa ubavu, futi 1,000 juu au chini yake, na aone angalau kilomita 5. Kwa hiyo tunaangalia pale mnapotoka, pale mnapokwenda, na maji yaliyo katikati. Mahali pamoja tu pasipofaa, mnasubiri. Bibi aliliangalia lile wingu, akasema, "Basi nitakula chungwa," akakaa. Saa moja na nusu baadaye waliondoka.

Kwa nini wingu la radi linaogopwa hivyo?

Kwenye taarifa ya uwanja hatutaji aina ya wingu isipokuwa mbili tu: kumulonimbasi, yaani wingu la radi, na kumulasi refu linaloinuka kama mnara, ambalo laweza kuwa la radi ndani ya nusu saa. Hayo yanatajwa hata yakiwa machache, kwa sababu moja linatosha.

Katika ukanda wetu wa tropiki, kilele cha wingu la radi huweza kupita kilomita 15 juu. Ndani yake hewa hupanda na kushuka kwa nguvu ya kuweza kuvunja ndege. Kuna mvua ya mawe. Kuna maji yaliyo chini ya nyuzi sifuri ambayo bado hayajaganda, yanasubiri bawa la ndege yagandie hapo. Na hatari niionayo kubwa zaidi kwa ndege inayotua iko chini ya wingu: hewa baridi hudondoka kwa kishindo, ikigonga ardhi hutawanyika pande zote. Rubani kwanza hukuta upepo wa mbele unaomwinua, sekunde chache baadaye upepo wa nyuma unamnyima nguvu ya bawa, naye yuko futi chache kutoka chini. Marubani hufundishwa kulikwepa wingu kali la radi kwa maili za baharini 20, karibu kilomita 37. Ni kama kutoka hapa mjini hadi Muheza.

Ndege ikitikisika kwenye vijiwingu vidogo, ni hatari?

Kwa kawaida hapana. Ni hewa inayopanda, ile ile iliyolizaa wingu. Funga mkanda.

Mwanangu anapenda mambo haya. Asome nini?

Fizikia, hisabati na jiografia. Kuna Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha shahada ya hali ya hewa.

Nikitaka kuanza kuangalia mwenyewe nyumbani?

Chukua daftari. Chagua sehemu moja yenye uwazi, ukingo wa bahari au uwanja wa mpira, na uende pale saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri kila siku. Anza juu ya kichwa, kisha gawa mbingu vipande vinne. Andika sehemu ngapi kati ya 8, mawingu yanatoka upande gani, matumbo yake ni bapa au yamechakaa, na kama Mlinga anaonekana au hapana. Usiandike ulichotegemea kukiona. Baada ya masika moja na vuli moja, nenda na daftari hilo kwa mvuvi yeyote mzee wa Sahare mkalisome pamoja. Atakuonyesha siku ambazo hakwenda baharini, na utazikuta umeziandika.